Neno Lisilotamkwa Baada ya Jua Kuzama: Sime, Mhunzi na Mkusanyaji katika Nchi ya Kisongo

Kisongo ni jina la mahali, na ni jina la watu. Kama jina la mahali, ni mji mdogo ulio magharibi ya jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Makuyuni, karibu na uwanja wa ndege wa Arusha. Mnada wake wa mifugo unajulikana katika eneo lote la Mlima Meru. Kama jina la watu, Wakisongo ni sehemu kubwa kuliko zote ya Wamaasai wa Tanzania, na malisho yao yalienea tangu zamani katika nyanda zilizo chini ya Meru na Kilimanjaro na kuendelea hadi nyika za kusini. Siku ya mnada, wanaume wengi wanaofika na ng'ombe wao huwa wamevaa ubavuni, upande wa kulia, silaha ambayo Kiswahili huiita sime.

Sime ni upanga mfupi wenye makali pande mbili. Bapa lake huanza likiwa jembamba karibu na mpini, hupanuka polepole, na huwa pana zaidi karibu na ncha kabla ya kuchongoka. Katikati ya bapa hupita mgongo ulioinuka. Mpini hauna kikingio cha mkono. Ni mti uliovikwa ngozi mbichi, iliyoshonwa ingali na maji ili ikikauka ibane. Ala ni vipande viwili vya mti vilivyofunikwa ngozi kwa namna hiyo hiyo, na aghalabu hupakwa rangi nyekundu. Kwa kuwa uzito wote uko mbele, pigo lake huwa zito kuliko ukubwa wake. Ndiyo maana sime hukata matawi ya miiba ya kujengea boma na huchinja na kugawa nyama. Siku nyingi za maisha yake si silaha hata kidogo.

Wageni waliofika nchi hii tangu karne ya 19 waliandika mengi juu ya sime na juu ya mkuki, na karibu yote waliyoandika yanamhusu aliyezivaa. Moran na sime yake, mavazi yake, vita vyake: picha hiyo imechapishwa mara nyingi kiasi kwamba msomaji huweza kudhani kuwa silaha hizo ziliota ubavuni mwa mvaaji. Mhadhara huu unamwangalia mtu mwingine, yaani aliyeifua. Unauliza alikuwa nani, aliitwa nani katika lugha za eneo hili, na ilikuwaje jina lake likapotea pale sime ilipoingia katika makumbusho na katika kamusi.

Sime na ukoo wa maneno

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inaieleza sime kwa umbo lake, kwamba ni upanga mfupi ulionyooka unaopanuka kuelekea nchani. Maelezo hayo ni sahihi, na kamusi zilizofuata hazikwenda mbali nayo. Hata hivyo ni maelezo ya mtu anayekitazama kitu kutoka nje. Hayasemi kimetengenezwa kwa nini, wala na nani.

Tofauti hudhihirika mtu akilinganisha Kiswahili na Kimaasai. Katika Kimaasai, sime ni ol-alem, na kisu ni en-kalem. Mzizi ni mmoja. Kinachobadilika ni kiambishi cha jinsi, ol- kikiashiria kilicho kikubwa na cha kiume, en- kikiashiria kilicho kidogo au cha kike. Kwa msemaji wa Kimaasai, basi, sime na kisu ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili nacho kina mbinu ya aina hiyo. Kisu kikikuzwa huwa jisu. Na kutokana na upanga (wingi wake panga) limekuja panga (wingi wake mapanga), chombo kipana cha kufyekea. Lakini sime haikuingizwa katika mpango huo. Haina kikisime wala jisime, imekaa katika ngeli ya N pasipo kubadilika umoja na wingi, na haina kitenzi kilichoizaa. Kiswahili kiliipa silaha hii jina lisilo na ukoo. Jambo hilo si la kushangaza: jina la namna hiyo ni jina la sokoni, linalomtosha mtu anayenunua, anayebadilishana au anayeogopa kukatwa.

Kwa upande wa kazi yenyewe hali ni kinyume kabisa. Msamiati wa Kiswahili juu ya uhunzi ni wa kale na una mizizi mirefu. Kitenzi fua kinatokana na mzizi ambao wataalamu wa isimu historia wameuunda upya katika Mame-Bantu kuwa *-tud-, wenye maana ya kupiga na kuponda chuma. Msemaji wa leo hufua nguo, hufua nazi na hufua chuma bila kufikiri kuwa ametumia neno moja kwa kazi tatu. Kilichoziunganisha ni pigo. Fuawe, ambalo mhunzi huweka juu yake chuma chenye moto, limebeba kitenzi hicho hicho ndani yake, na katika eneo hili fuawe la zamani lilikuwa jiwe kwelikweli. Kuna mivukuto ya kupulizia moto, ambayo ilikuwa mifuko ya ngozi ya mbuzi. Kuna koleo la kushikia. Kuna feleji na pua kwa chuma kilichokuwa kigumu zaidi. Na lipo neno kiwanda, ambalo kabla ya kumaanisha majengo yenye mashine lilimaanisha uwanja wa fundi, mahali pa kufanyia kazi.

Neno lililozoeleka kwa mwenye kazi hiyo ni mhunzi, au mfua chuma. Lakini kamusi za zamani zinalo neno jingine ambalo limeanza kusahauliwa, nalo ni msana, pamoja na kitenzi chake kusana. Mwanafunzi asikimbilie kulifungamanisha na sanaa na msanii, kwani hayo yametoka katika Kiarabu. Msana ni neno la Kibantu, na ndugu zake hawako mbali na Kisongo. Wako Upareni.

Chuma kabla ya sime

Isaria Kimambo, katika historia yake ya siasa za Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, alieleza kwa kirefu habari za ukoo wa Washana wa Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare. Washana walikuwa wahunzi, na jina lao ni jina la kazi yao. Kwa mujibu wa mapokeo aliyoyakusanya Kimambo kutoka kwa wazee, Washana ndio waliokuwa watawala wa Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapokonya madaraka. Hapa palikuwa na nchi ambamo mtu aliyeshika nyundo alishika pia uongozi. Kumiliki moto wa chuma kulikuwa kumiliki watu. Hata baada ya kupinduliwa, Washana hawakuacha tanuri zao. Walichota mchanga mweusi wa chuma unaosombwa na maji ya mvua, wakauyeyusha kwa makaa, na chuma chao kikauzwa kwa majirani, Wachaga na Wamaasai wakiwa miongoni mwao. Jina la Mshana lipo hadi leo, katika orodha za shule na milango ya ofisi, na mwenye nalo hana sababu ya kulificha.

Upande wa Kilimanjaro, wahunzi wa Mamba walisifika kwa mikuki yao. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi, aliandika mwaka 1912 makala marefu juu ya mhunzi na kazi yake katika mawazo ya Wachaga. Mhunzi wa Kichaga aliheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja, kwa kuwa laana iliyotolewa kwa nyundo na koleo ilihesabiwa kuwa kali kuliko laana za watu wengine. Mtu hakuthubutu kumdhulumu.

Kisha kikaja chuma cha namna nyingine. Misafara iliyotoka Pangani, Tanga na Mombasa kwenda nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu ilibeba shanga, nguo, na mizigo mizito ya nyaya za shaba na za chuma. Joseph Thomson, aliyesafiri katika nchi hiyo mwaka 1883 na 1884 na kwa sehemu akaandamana na mfanyabiashara mzoefu wa Pangani, Jumbe Kimameta, aliorodhesha waya wa chuma miongoni mwa vitu ambavyo pasipo navyo msafara haukuweza kupita. Waswahili wa misafara waliuita seng'enge, na neno hilo halikufa. Leo watu hulitumia kwa waya wa ua, wenye miiba au usio nayo, wala hawakumbuki kuwa lilikuwa fedha ya safari. Wanawake waliuvaa waya huo kwa kuuzungusha mikononi na miguuni. Wahunzi waliutia motoni, wakaufunga pamoja na kuufua upya.

Matokeo yake yanaonekana katika silaha zenyewe. Mikuki ya Wamaasai iliyochorwa na wasafiri wa katikati ya karne ya 19, wakati wa safari za Baron von der Decken za mwaka 1861 na 1862, ilikuwa na bapa fupi na pana kama jani. Kufikia miaka ya 1890 mikuki ya nyanda za kusini ilikuwa na bapa refu jembamba, karibu urefu wa upanga. Chuma kilipopatikana kwa wingi bila kuchomea makaa ya siku nyingi kwa kipande kidogo, mhunzi aliweza kurefusha. Kwa hiyo silaha iliyopigwa picha kama alama ya Afrika isiyobadilika ilikuwa, katika umbo hilo, mpya. Na katika mwili wake mlikuwa na chuma kilichovuka bahari, kikabebwa vichwani na wapagazi, kikapimwa na kuuzwa kwa Kiswahili.

Ol-kunoni

Kutoka Ugweno hadi Kisongo ni mwendo wa siku chache kwa miguu. Lakini mtu aliyevuka masafa hayo alitoka katika nchi ambamo wahunzi waliwahi kutawala na kuingia katika nchi ambamo mhunzi hakukaribishwa kulala.

Wahunzi wa Wamaasai huitwa il-kunono, na mmoja wao ol-kunoni. Walisema Kimaasai, walifuga ng'ombe, walitahiriwa na kuingia katika marika. Hata hivyo walioana wao kwa wao, kwa kuwa mtu asiye wa uhunzi hakuoa kwao wala hakuwaoza binti yake. Maboma yao yalikuwa kando. Waandishi wawili wa mwanzo wa karne ya 20, Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa Moshi na aliyechapisha kitabu chake mwaka 1904, na Alfred Claud Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyechapisha chake mwaka 1905, waliliona jambo hilo na kulieleza. Aliyenunua sime au mkuki kutoka kwa mhunzi alipaka mafuta mikononi kabla ya kuupokea, ili kuondoa unajisi wa mkono uliouunda. Kumwita mtu asiye mhunzi kwa jina la ol-kunoni kulikuwa tusi. Tena neno hilo halikutamkwa bomani baada ya jua kuzama, kwani iliaminika kuwa lingewaita simba au maadui usiku huo.

Mwanafunzi wa lugha anapaswa kutua hapa. Miiko ya maneno inajulikana katika lugha nyingi za Afrika Mashariki. Nyoka huitwa ukambaa au kamba usiku, ili asisikie jina lake akaja. Lakini katika Kimaasai neno lililotiwa mwiko halikuwa la mnyama wala la ugonjwa. Lilikuwa jina la kazi ya jirani, mtu ambaye pasipo yeye moran angetoka bomani na fimbo tu.

Sababu iliyotolewa na Wamaasai wenyewe, kama ilivyoandikwa wakati huo, ni kwamba Mungu amekataza kumwaga damu, na silaha zitokazo kwa mhunzi ndizo zinazowashawishi watu kuimwaga. Sababu hii inastahili kupimwa kwa makini, maana inafanya jambo zito kwa maneno machache. Inaihamisha lawama ya damu kutoka mkono ulioshika sime hadi mkono ulioifua. Moran akirudi kutoka vitani huimbiwa. Mhunzi aliyebaki bomani ndiye mchafu. Ni hesabu rahisi kwa wengi na ghali kwa wachache. John Galaty, katika makala yake ya mwaka 1979 juu ya suala la kutokuwa na usawa miongoni mwa Wamaasai, alionyesha kuwa mhunzi na mwindaji waliwekwa pembeni kwa sababu maisha yao yalikuwa kinyume cha ile picha ya mfugaji kamili, asiyechimba, asiyewinda na asiyefua. Maelezo hayo yana nguvu. Hata hivyo yasimsahaulishe msomaji kuwa mpaka huo uliwafaa pia wenye ng'ombe wengi: mtu usiyeweza kuoana naye huwezi kudaiwa naye mahari, na fundi asiye na mashemeji upande wa mnunuzi hana wa kumsemea bei inapojadiliwa.

Ushahidi wa Merker na Hollis lazima utumiwe kwa tahadhari. Merker alikuwa askari wa dola iliyokuwa imeshinda, na alitawaliwa na nadharia yake kwamba Wamaasai walikuwa na asili moja na Waebrania wa kale, kiasi kwamba kila desturi aliyoiona aliitafutia mwenzake katika Biblia. Hollis alitegemea sana wasaidizi wake wa lugha, hasa Justin Lemenye, Mmaasai aliyesomea kwa wamisionari. Maisha ya Lemenye yalikuja kuchapishwa kwa Kiswahili mjini Nairobi katika miaka ya 1950, na ni miongoni mwa tawasifu za mapema katika lugha hiyo kutoka bara. Hakuna kati ya vitabu hivi viwili kilichoandikwa kwa kumketisha mhunzi na kumuuliza yeye mwenyewe kwa nini anadharauliwa. Majibu yote yametoka kwa wanaomdharau.

Nyara na kadi

Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Mlima Meru. Kapteni Kurt Johannes alileta jeshi kutoka Moshi, likiwa na askari wasaidizi wengi wa Kichaga, likachoma nyumba na kuchukua mifugo ya Wameru na Waarusha. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Uchaga, Meru na Arusha. Boma la Arusha lilijengwa wakati huo huo kwa nguvu za watu waliolazimishwa. Wakisongo, kwa upande wao, walikuwa wametoka katika maafa: sotoka ya ng'ombe iliyoingia karibu na mwaka 1891, kisha ndui na njaa, vilikuwa vimeteketeza mifugo na watu.

Hicho ndicho kipindi ambacho silaha za eneo hili ziliingia kwa wingi katika makumbusho ya Ulaya. Tangu mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilikuwa imeagiza kwamba vitu vyote vilivyokusanywa na misafara ya serikali katika makoloni vipelekwe kwanza katika makumbusho ya mila ya Berlin, ambako Felix von Luschan alikuwa akipanga mikusanyo ya Afrika. Maofisa wa jeshi walikuwa wakusanyaji hodari, na Stuttgart na Leipzig nazo zilipata sehemu yao. Makumbusho ya Berlin peke yake yana takriban vitu 10,000 kutoka Tanzania. Kiswahili kina neno kamili kwa sehemu ya mali hiyo, nalo ni nyara. Si kila kitu kilikuwa nyara. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi. Lakini zawadi inayotolewa mbele ya bunduki, katika mwaka wa njaa, ni vigumu kuitofautisha na kodi.

Kitu kikifika makumbusho hupewa namba na kadi. Kwa kawaida kadi hutaja aina ya kitu, kabila, mahali, jina la aliyekileta na mwaka. Kabila likiisha kuandikwa kuwa Maasai, safari yote ya chuma hufutika: mchanga wa Ugweno haupo, waya wa Pangani haupo, na kama bapa lilifuliwa na fundi wa Mamba kwa ajili ya soko la nyikani, naye hayupo. Ol-kunoni hayumo. Katika boma la Wamaasai jina lake lilinyamazwa baada ya jua kuzama. Katika makumbusho lilinyamazwa mchana pia. Wenye kadi hawakuwa na mwiko wowote. Hawakuuliza tu, kwa sababu walichotaka kuonyesha ni kabila, na kabila halina fundi.

Si lazima mkusanyo uwe hivyo. Kipo kisu cha kukunja cha Ufilipino ambacho mpini wake una sehemu mbili zinazozunguka na kulificha bapa, na ambacho watu wengi duniani hukiita kisu cha kipepeo. Jina lake la kwao ni balisong, na Balisong ni jina la kijiji katika mji wa Taal, mkoa wa Batangas, ambako visu hivyo hutengenezwa. Mkusanyaji wa balisong anayejiheshimu hujua mahali, hujua tofauti ya kazi ya fundi na fundi, na hutafuta alama iliyopigwa kwenye chuma. Serikali kadhaa zimekipiga marufuku, Ujerumani ikiwa mojawapo tangu mwaka 2003, na bado jina la kijiji cha mafundi linatamkwa kila kisu kinapotajwa. Sime haikubahatika hivyo. Hakuna sime ya Mamba wala ya Kisongo katika vitabu vya wakusanyaji. Iko sime ya Kimaasai tu.

Gharama ya ukimya huo ni ya kielimu pia. Roy Larick, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasamburu wa Kenya na kuchapisha matokeo yake kuanzia mwaka 1985, alionyesha kuwa umbo la mkuki lilibadilika kwa marika. Vijana waliopanda kuwa moran walitaka mkuki usiofanana na ule wa rika lililowatangulia, wakampelekea mhunzi matakwa yao, na mhunzi akaamua jinsi ya kuyatimiza katika chuma. Kwa maneno mengine, mkuki hubeba tarehe, na anayeweza kuisoma tarehe hiyo kwa hakika zaidi ni aliyeufua. Kama wakusanyaji wa mwaka 1900 wangeandika jina la mhunzi na rika la mnunuzi, leo pangekuwa na historia ya sime yenye miaka na vizazi. Badala yake upo ukuta wa silaha zinazofanana, zote zikiitwa za jadi.

Springi ya lori

Uyeyushaji wa mchanga wa chuma ulikwisha wakati wa ukoloni, na hata waya wa misafara ulisahauliwa magari yalipofika. Chuma cha sime za karne ya 20 kilitoka katika springi za malori, tupa zilizochakaa, na mapanga yaliyoagizwa kutoka Uingereza, kama yale ya kiwanda cha Ralph Martindale yenye alama ya mamba. Springi ina sifa ambayo wahunzi waliitambua mapema: ni pua iliyokwisha kuwekwa ngumu kiwandani, na ikifuliwa kwa moto wa kadiri na kuzimwa vizuri hushika makali na haivunjiki. Anayeikata vipande na kuipiga hadi ipate mgongo katikati anatumia ujuzi ule ule uliotumika kwa waya wa Jumbe Kimameta.

Utalii wa Arusha umeongeza soko jingine. Sime zenye ala za shanga huuzwa mjini katika maduka ya vinyago, na msafiri huzifunga ndani ya begi linaloingia tumboni mwa ndege. Nyingine hazikunolewa kabisa. Wapo wanaozicheka kuwa si za kweli. Lakini mhunzi aliyezalisha kwa ajili ya mnunuzi asiyemjua, kwa chuma kilichotoka mbali, hakuanzisha jambo jipya. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1890. Lililo jipya ni kwamba mnunuzi wa sasa hapaki mafuta mikononi. Huuliza tu kama ni ya Kimaasai, naye hujibiwa ndiyo.

Katika miaka ya karibuni makumbusho ya Berlin yameanza kuzipitia kadi zake pamoja na watafiti wa Tanzania. Kitabu kilichotoka mwaka 2018 juu ya vitu vya vita vya kikoloni kiliandikwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili, na mwezi Novemba 2024 maonyesho juu ya historia za Tanzania, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa katika Jumba la Humboldt. Kwa mara ya kwanza kadi hizo zinatafsiriwa, na mfasiri hukutana na swali ambalo mwandishi wa kwanza hakujiuliza. Akiandika sime ya Kimaasai, ametafsiri sawasawa kilichokuwapo. Akitaka kuongeza safu ya aliyeitengeneza, itambidi achague kati ya ol-kunoni, ambalo ndilo neno la mahali penyewe lakini lina tusi ndani yake. Mhunzi, ambalo halina tusi lakini halisemi chochote juu ya mtu aliyekaa kando ya boma. Na msana, ambalo wasomaji wengi watalazimika kulitafuta katika kamusi. Wazee wa il-kunono wa Kisongo na Monduli ndio wa kuulizwa kwanza wangependa liandikwe lipi.